Mcheza Kwao Hutunzwa: Ngoma za Nyasa Mbele ya Macho ya Ng'ambo

Taifa linalotaka kuheshimiwa na mataifa mengine halina budi kwanza kujiheshimu lenyewe. Heshima hiyo haipimwi kwa hotuba peke yake. Hupimwa pia kwa namna taifa linavyosimama mbele ya mgeni na kumwonyesha kile lilicho nacho. Kwa sababu hiyo, suala la ngoma zetu kuchezwa mbele ya watazamaji wa kigeni, iwe uwanjani hapa nyumbani au katika kumbi za Ulaya na Asia, halistahili kuachiwa kamati ya mapokezi, likajadiliwa baada ya viti, maturubai na vinywaji. Ni suala la dhamana, na dhamana hiyo wamekabidhiwa watumishi wa umma na walimu.

Mfano ulio wazi uko katika Mkoa wa Ruvuma, kwenye milima ya Mbinga na katika mwambao wa Ziwa Nyasa, ukanda ambao mwaka 2012 ulitengwa na Mbinga ukawa Wilaya ya Nyasa, makao makuu yake Mbamba Bay. Wamatengo wa milimani wanayo lindeku. Mwambaoni wanawake wanayo kioda. Na kuna mganda, ngoma ya wanaume inayochezwa pande zote mbili za ziwa, ambayo imekuwa kama kitambulisho cha mwambao huo kila unapohitajika ujumbe wa utamaduni.

Desturi iliyozoeleka inajulikana. Mgeni mkubwa anatarajiwa. Kikundi kinaitwa, kinapakiwa kwenye gari alfajiri, kinasimamishwa juani hadi adhuhuri. Kisha huja amri: dakika tano, wimbo mmoja, na katika wimbo huo jina la mgeni litajwe. Ngoma ikikolea, kipenga hupulizwa. Wachezaji hupewa soda na fulana, na shughuli huhesabiwa kuwa imefana. Zikiandaliwa safari za nje, mtindo ni uleule, ila badala ya gari ni ndege. Swali linalopaswa kuulizwa ni moja: je, kilichoonyeshwa pale ni mganda?

NGOMA ILIYOVUKA MAJI

Ili kulijibu swali hilo yafaa kwanza kufahamu mganda ni kitu gani. Wachezaji hujipanga katika safu zilizonyooka, mara nyingi wakiwa wamevaa kaptura nyeupe, mashati meupe na soksi ndefu. Kiongozi hubeba kipenga. Ngoma kubwa hutoa mdundo mzito wa mwendo wa taratibu, na wachezaji huimba kupitia vibuyu vilivyotobolewa na kuzibwa tundu kwa utando mwembamba wa buibui. Sauti ya mwimbaji ikipita mle hugeuka ikawa mlio wa tarumbeta. Vibuyu vidogo hutoa sauti ya juu, vikubwa hutoa ya chini, na kwa pamoja hufanya bendi kamili isiyo na hata kipande kimoja cha shaba.

Umbo hilo la kijeshi lina historia. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake kuhusu ngoma ya beni kilichotoka mwaka 1975, alieleza jinsi bendi za askari zilivyoigwa na wananchi tangu pwani ya Kenya miaka ya 1890, zikasambaa bara wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, kwa miguu ya askari na wapagazi waliorejea makwao. Mwambao wa Nyasa haukuwa mbali na vita hivyo. Liuli, iliyoitwa Sphinxhafen na Wajerumani, ndipo mwezi Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen ilipoishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Watu wa mwambao waliona gwaride, waliona vyeo, walisikia tarumbeta. Wakavichukua vyote, wakavitia ndani ya kibuyu, vikawa vyao.

Hapo pana fundisho kubwa. Wazee wa mwambao hawakuwa watu wa kuiga tu. Walitwaa kitu cha mtawala, chombo cha kutishia, wakakifanya chombo cha kualikana. Kwa maana mganda tangu mwanzo ni ngoma ya wageni. Kijiji hualika kijiji. Wageni huja kwa miguu au kwa mtumbwi, hupokewa, hulishwa, hucheza, na wenyeji nao hujibu. Siku nzima hupita katika mashindano ya unadhifu, ya nidhamu ya safu na ya utunzi. Nyimbo husema mambo: mume mvivu, mzee mchoyo, kijana aliyekwenda kufanya kazi mbali akasahau nyumbani, msiba uliowapata. Mtazamaji anajua lugha, anajua anayesemwa, anajua hatua iliyokosewa. Yeye ndiye hakimu.

Basi atakayesema kwamba ngoma hizi haziwezi kuchezwa mbele ya watu wa mbali amekosea. Mganda umevuka maji muda mrefu kabla ya kuwako ofisi yoyote ya utamaduni. Kilichobadilika ni aliyeshika kipenga. Zamani kilishikwa na kiongozi wa ngoma. Siku hizi, mgeni akiwa wa heshima, hushikwa na mtu ambaye hajawahi kucheza.

MFANO WA CHINA

Katika suala hili si vibaya kuitazama China, rafiki wa siku nyingi, ambayo mwaka 2024 iliadhimisha pamoja na Tanzania miaka 60 ya uhusiano wa kibalozi. Wasomaji wengi wameona, kwenye televisheni au katika kumbi za Dar es Salaam, wasanii wa Kichina wakipiga ala zao za jadi: erhu yenye nyuzi mbili na upinde, pipa inayodonolewa kwa kucha, zumari ya suona, filimbi ya mwanzi. Wengi hudhani kuwa okestra kubwa ya ala hizo, yenye safu za wapigaji na kiongozi mwenye kijiti, imekuwako tangu enzi za wafalme wa kale. Sivyo. Okestra ya namna hiyo ni kazi ya karne ya 20. Majaribio yake yalianza Shanghai miaka ya 1920. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1949 serikali iliyatia nguvu: okestra ya redio ya taifa iliundwa mwaka 1953, na okestra ya taifa ya ala za jadi mwaka 1960. Kwa kuwa ala za asili zilikosa sauti nzito za chini, zilibuniwa nyingine mpya za kuziba pengo hilo. Muziki ulioandikwa kwa noti ulishika mahali pa ule uliopokewa kwa sikio.

Kazi hiyo ilizaa matunda. Mwaka 1998 okestra ya taifa ilipiga katika Ukumbi wa Dhahabu wa Musikverein mjini Vienna, Austria, ukumbi unaoheshimiwa kuliko karibu kumbi zote za muziki wa Ulaya. Ala za mwanzi na hariri zilisikilizwa kwa makini pale walipozoea kusikilizwa Beethoven na Strauss. Hilo halikuja kwa bahati. Lilitokana na vyuo, mishahara, mazoezi ya miaka mingi, na taifa lililoamua kwamba mpiga erhu ni mtaalamu sawa na mhandisi.

Hata hivyo mfano huo una pande mbili, na mwanafunzi mwema hujifunza zote. Baada ya mafanikio hayo ulizuka mtindo wa vikundi vya kila aina kutoka China kukodi ukumbi uleule wa Vienna, kugawa tiketi za bure ili viti vijae, na kurejea nyumbani vikitangaza ushindi. Wachina wenyewe, katika magazeti yao na katika vikao vyao vya kitaifa, waliukemea mtindo huo mwanzoni mwa mwaka 2014, wakiuita upotevu wa fedha na wa heshima. Makofi ya ukumbi wa kukodi hayakuwa kipimo cha sanaa.

Upande wa pili ni wa hasara ya kimyakimya. Katika nyumba za chai za Shanghai na vitongoji vyake kuna muziki wa kundi dogo, wapiga wachache wakizunguka meza. Wote hupiga wimbo mmoja, lakini kila mmoja huupamba kwa namna ya ala yake, na utamu wake umo katika tofauti hizo ndogondogo. Muziki huo ukipelekwa kwenye okestra ya watu themanini, wote wakisoma karatasi, uhuru ule hupungua. Kinachosikika ng'ambo ni kikubwa zaidi, lakini si lazima kiwe ndicho kile kinachopendwa nyumbani. Ngoma ikivuma sana, walisema wahenga, karibu kupasuka.

TULIKOTOKA

Tanzania nayo ina historia yake katika jambo hili, wala si ya kuonea haya. Mwezi Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alieleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa, akawakumbusha wananchi jinsi walivyofundishwa kucheza dansi za Wazungu na kuona fahari, huku ngoma za kwao wakizionea aibu. Lakini hakuishia hapo. Alitahadharisha pia kwamba kufufua utamaduni wa taifa si kukataa kujifunza kwa wengine.

Kwa moyo huo kiliundwa kikundi cha ngoma cha taifa, na katikati ya miaka ya 1960 vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi, wakarejea kuanzisha kikundi cha taifa cha sarakasi. Vikundi hivyo vililetea nchi sifa. Lakini ndani yake kulikuwa na kasoro ambayo watafiti wa sanaa wameieleza mara nyingi. Ngoma zilitolewa vijijini, zikafupishwa, zikapangwa kumwelekea mtazamaji aliyekaa kitini, na maneno yake yakabadilishwa yakawa ya sifa. Ngoma ya duara iligeuka ya mstari. Ngoma ya kujibizana iligeuka ya upande mmoja. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 vikundi hivyo vilikuwa vimevunjwa, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kikabeba jukumu la mafunzo. Vikundi vilikwenda, lakini mazoea ya kukata yalibaki katika ofisi za wilaya.

Wapo Watanzania waliothibitisha kwamba kuna njia nyingine. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alikuwa miongoni mwa wasanii wa kikundi cha taifa. Baadaye alizunguka Ulaya na kwingineko akiwa na ilimba yake na jamaa zake, akiimba Kigogo mbele ya watu wasiojua neno moja la Kigogo. Hadi alipofariki mwaka 2003 alikuwa amerekodi santuri zilizosikilizwa duniani kote. Huko Zanzibar, Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club vimeichukua taarabu ng'ambo kwa mashairi yake ya Kiswahili na ala zake zote. Hawa hawakuomba radhi kwa urefu wa nyimbo zao, na wageni walisikiliza.

HOJA ZA WANAOKATA

Wako watakaosema kwamba mgeni hana muda, haelewi lugha, na ngoma ya siku nzima itamchosha. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Hakuna anayedai kwamba ujumbe wa serikali ukeshe uwanjani. Lakini kufupisha kuna namna mbili. Mwaka 1930 Mei Lanfang, mwigizaji mashuhuri wa opera ya Beijing, alipokwenda Marekani, yeye na washauri wake walichagua wenyewe vipande vifupi vinavyojitosheleza, na kabla ya kila kipande alisimama mtu akaeleza kwa Kiingereza kinachokuja. Watazamaji wa New York walipata kitu kifupi, lakini kilikuwa na kichwa, kiwiliwili na miguu, kwa kuwa aliyekata alikuwa mwenye kitu. Kiongozi wa mganda anao uwezo huohuo. Akiambiwa mapema kuwa ana dakika kumi na tano, atajua wimbo wa kuingilia, wimbo wa kati na wimbo wa kuagia. Akikatizwa kwa mkono wa afisa katikati ya safu, anaaibishwa mbele ya mgeni, na mgeni naye ananyimwa.

Wako pia watakaosema kwamba maneno ya nyimbo lazima yachujwe, kwani mganda husema ovyo. Ni kweli kwamba husema. Lakini ngoma iliyonyang'anywa ulimi ikapewa jina la mgeni kulirudia si sanaa tena. Ni matarumbeta ya kukodi. Chama hiki kilirithi kutoka TANU ahadi ya mwanachama kusema kweli daima. Itakuwa ajabu iwapo ahadi hiyo itawahusu wanachama kwenye mikutano lakini isimhusu mkulima wa kahawa wa Mbinga au mvuvi wa Liuli anapoimba. Mgeni mwenye busara hujifunza zaidi kuhusu nchi kwa kusikia wimbo unaomsema mvivu wa kijiji kuliko kwa kusikia jina lake likitajwa mara ishirini.

Hoja ya tatu haisemwi hadharani, nayo ni ya posho. Inajulikana katika ofisi nyingi kwamba msafara wa utamaduni unapoandaliwa, nafasi za waongozaji hugombewa kuliko nafasi za wachezaji. Anayekisindikiza kikundi hulipwa kwa kiwango cha cheo chake. Anayecheza hupewa ahsante. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua sanaa za jadi kuwa mali inayostahili ulinzi, si mali ya okota. Picha za ngoma zikipigwa zikauzwa, sauti zikirekodiwa zikapelekwa nje, wenye ngoma wana haki ya kujua na kunufaika. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema anayemsindikiza.

LA KUFANYA

Wakati wa kulirekebisha jambo hili ni sasa. Barabara ya lami kutoka Mbinga imeshuka hadi Mbamba Bay. Meli ya Mbeya II inapita mwambaoni. Fukwe za Nyasa zinatangazwa kwa watalii, na watalii watakapokuja watataka ngoma. Kama hakuna utaratibu, soko litaweka wake, nao utakuwa wa dakika tano.

Kwanza, maafisa utamaduni wa Mbinga na Nyasa waorodheshe vikundi vilivyo hai vya mganda, kioda na lindeku, viongozi wake, watunzi wake na nyimbo zake katika lugha zake, pamoja na maelezo kwa Kiswahili. Kazi hii haihitaji mfadhili. Inahitaji daftari, simu yenye kinasa sauti na mtu aliye tayari kukaa kijijini hadi ngoma iishe. Maelezo hayo ndiyo yatakayomwezesha mfasiri kusimama mbele ya wageni na kusema kitu chenye maana.

Pili, walimu waache kuifanya ngoma kuwa adhabu ya mchana kabla ya ziara ya kiongozi. Mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA yana nafasi ya sanaa. Mtoto wa Liuli afundishwe kutengeneza kibuyu na mzee wa kijiji chake, kuanzia kukitoboa hadi kuutafuta utando, na mzee huyo alipwe kama anavyolipwa fundi wa madawati.

Tatu, kikundi chochote kinachoalikwa, ndani au nje ya nchi, kiwe na mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili, unaotaja muda, malipo, chakula, malazi na matumizi ya picha na sauti. Kiongozi wa ngoma awe mmoja wa viongozi wa msafara, si mzigo wa msafara.

Nne, na hili ni kubwa kuliko yote, watazamaji wa kwanza wa ng'ambo wawe majirani. Upande wa pili wa ziwa, Nkhata Bay na visiwani Likoma, na kusini katika mwambao wa Msumbiji, wako watu wanaozijua ngoma za jamii hii kwa majina yao wenyewe. Malawi, Msumbiji na Zambia zimekwisha kuiandikisha ngoma ya Gule Wamkulu katika orodha ya UNESCO ya urithi wa binadamu usioshikika, na Tanzania imeuridhia mkataba wa urithi huo tangu mwaka 2011. Mazungumzo ya mipaka yana mahali pake na wenye kuyafanya. Ngoma haikuwahi kuyangoja. Kikundi cha Mbamba Bay kikicheza Nkhata Bay kitapata kitu ambacho hakiuzwi Vienna wala Beijing: mtazamaji anayeweza kukizomea kikikosea. Kikundi kilichopita mtihani huo kinaweza kwenda popote duniani bila hofu, kwa kuwa kinajua thamani yake kabla ya kupigiwa makofi.

Wachina walifika Vienna wakiwa na vyuo nyuma yao. Wazee wa Nyasa walichukua gwaride la mkoloni wakalifanya lao wakiwa na vibuyu tu. Kizazi hiki kina barabara, meli, sheria na shule. Kikishindwa kuufikisha mganda kwa mgeni ukiwa mzima, lawama haitakuwa ya umaskini. Itakuwa ya waliopewa ofisi, wakapewa na kipenga, wakakipuliza kabla ya wakati wake.